Gereji ya umeme wa magari iliyoko Mwanga, Kigoma: fundi anayepima kwanza

Kwa muda wa miezi saba Land Rover aliyoniachia marehemu mume wangu ilinihangaisha kwa tatizo la kutochaji betri, na katika muda huo nililipa mara tatu, kwa watu waliokuwa na uhakika kila mmoja kwa upande wake, kabla sijafika kwenye gereji ninayoizungumzia hapa. Ni Series III ya petroli yenye injini ya lita 2.25, ya mwaka 1978, gari ambalo limebeba chumvi kutoka Uvinza na kahawa kutoka Kalinzi kwa miaka mingi kuliko niliyokaa darasani kufundisha fizikia. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu najua katika mkoa wetu wapo wengi wenye magari ya aina hii, ya misheni, ya vyama vya ushirika na ya urithi kama langu, na wengi wao wanauziwa betri wasizozihitaji.

Gereji yenyewe ipo Mwanga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni, chini ya mwembe, na haina kibao. Ina kontena moja la kuhifadhia vifaa, meza ya mbao yenye jiliwa, chaja ya betri, na benchi la wateja. Fundi anashughulika na umeme tu, ukimpelekea gari lenye tatizo la gia atakuelekeza kwa jirani yake. Nilielekezwa kwake na dereva wa daladala ya Ujiji ambaye alinikuta nimesimama barabarani nikitafuta mtu wa kunibusti kwa mara ya pili katika wiki hiyo.

Nieleze kwanza gari lilifikaje huko. Dalili ya mwanzo ilikuwa ya taratibu: stata ilianza kuzunguka kwa uzito asubuhi, na usiku, nikipanda milima ya kwenda Kalinzi baada ya kupita Mwandiga, taa kubwa zilikuwa na rangi ya njano iliyofifia hata nikikanyaga mafuta. Gereji ya kwanza, ambayo sitaitaja, iliniambia betri imekufa, nami nikanunua mpya ya N70 kwa shilingi laki mbili na nusu. Baada ya wiki tano hali ikarudi ile ile. Gereji ya pili iliwasha injini, ikafungua kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, na injini ilipotetereka wakasema altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa kuchaji betri, ni mbovu, wakaiondoa na kufunga nyingine ya mtumba. Ile ya zamani walitaka kubaki nayo, lakini nikaidai, nikaiweka kwenye boksi nyumbani. Tangu siku hiyo tatizo likabadilika sura na kuwa baya zaidi, kwani gari liliweza kuegeshwa Ijumaa jioni likiwa zima na Jumatatu asubuhi likawa halina nguvu hata ya kupiga honi. Nilirudi hapo, nikalipia kubadilishiwa swichi ya ufunguo, na hapakuwa na nafuu yoyote.

Kuhusu huo mtindo wa kufungua kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, naomba wasomaji waukatae kwa nguvu zote. Ulikuwa na unafuu wake wakati wa dainamo, mashine za kuchaji zilizotangulia altaneta na zilizotumika kwenye Land Rover za Series II na nyingi za Series IIA, lakini kwenye altaneta ni kuiua kwa makusudi. Betri ndiyo inayolainisha volteji ya mfumo mzima, na ukiiondoa ghafla altaneta ikiwa inazalisha, volteji inaruka juu kwa muda mfupi sana, muda unaotosha kuunguza daiodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na regyuleta, inayodhibiti volteji. Fundi mzuri hana haja ya jaribio hilo, kwa kuwa mita ya shilingi elfu ishirini inamwambia yote hayo bila kuharibu kitu.

Siku niliyofika Mwanga fundi huyo, ambaye ni kijana, aliniamkia, akaniletea kiti, na kabla hajafungua boneti akaniuliza maswali matatu. La kwanza lilikuwa kama ninasikia mkanda wa feni ukilia ninapowasha gari. La pili: "Mama, ile taa nyekundu ya betri pale kwenye dashibodi inazimika kabisa ukishatoa ufunguo?" La tatu, ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, lilikuwa gari lilifanyiwa kazi gani mwezi mmoja au miwili kabla tatizo halijaanza.

Kwa swali la pili nilikuwa na jibu ambalo mwenyewe nililiona kuwa dogo lisilo na maana. Usiku mmoja nilikwenda kuchukua mwavuli nilioacha kwenye gari, na gizani nikaona ile taa nyekundu inamulika kwa mbali sana, kama kaa la moto linaloelekea kuzimika chini ya majivu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Mchana isingewezekana kuiona. Fundi aliposikia hivyo aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema tutalirudia. Kwa swali la tatu nilimweleza kwamba injini ilikuwa imefanyiwa ovaholi, ikarudi imepakwa rangi ya kijani kibichi na kupendeza sana. Hapo akainama, akaangalia vibano vinavyoshikilia altaneta, akakwaruza kidogo kwa bisibisi, na chini ya kile kidole chake niliona tabaka nene la rangi mahali ambapo chuma kilipaswa kugusana na chuma.

Hata hivyo hakurukia hapo. Jambo ninalolisifu kwake kuliko yote ni kwamba alikuwa na dhana yake tangu dakika ile na bado akaanza upya na vipimo, kwa mpangilio, akiandika kila namba. Mkanda wa feni aliusukuma kwa kidole gumba na ukaenda ndani kama nusu inchi, akaridhika. Betri, injini ikiwa imezimwa, ilisoma volti 12.1, ilhali betri iliyojaa inapaswa kuwa karibu na 12.6. Kisha alichukua haidromita, kile kifaa cha kioo cha kunyonyea maji ya betri, akapima vyumba vyote sita, na vyote vilisoma kati ya 1.180 na 1.190, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji ya kawaida. Alinieleza kwamba betri iliyojaa husoma karibu 1.270, na kwamba jambo muhimu hapa ni usawa: chumba kimoja kingekuwa chini sana kuliko vingine, betri ingekuwa imekufa kweli, lakini vyumba sita vilivyo sawa ni betri nzima yenye njaa. Kwa maneno mengine, betri niliyonunua haikuwa na ubaya, na yumkini hata ile niliyoitupa haikuwa nao.

Akawasha injini, akaiweka juu kidogo ya silensa, yaani mzunguko wa injini isipokanyagiwa mafuta, akawasha taa kubwa. Kwenye vichwa vya betri mita ilisoma volti 12.9. Gari zima la aina hii linapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi, kwa hiyo mpaka hapo hata wale wa gereji ya pili wangesema altaneta ni dhaifu. Lakini yeye alihamisha ncha za mita, moja kwenye waya mnene wa kahawia unaotoka nyuma ya altaneta na nyingine kwenye ganda la altaneta yenyewe, na mita ikasoma 14.3. Altaneta ilikuwa inazalisha kama inavyotakiwa, na volti 1.4 zilikuwa zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye betri.

Hapo ndipo aliponikabidhi nyaya za mita. Nilipomwambia kuwa nilikuwa mwalimu wa fizikia alicheka kwa furaha, akasema basi somo hili ni langu, na tukatafuta zile volti 1.4 pamoja, yeye akinielekeza mahali pa kugusa. Kutoka waya wa kahawia wa altaneta hadi kichwa chanya cha betri zilipotea 0.3, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa nyaya za umri huo. Kutoka bloku ya injini hadi kichwa hasi cha betri, 0.2. Na kutoka ganda la altaneta hadi bloku ya injini, umbali usiozidi kiganja cha mkono, vyuma viwili vilivyofungwa kwa bolti na vinavyoonekana kwa macho kuwa ni kitu kimoja, mita ilisoma 0.9. Alizungusha mita ya kubana, inayopima mkondo bila kukata waya, kwenye waya wa kahawia na kukuta mkondo wa amp 18. Ukigawanya 0.9 kwa 18 unapata ukinzani wa om 0.05, kiasi kidogo ambacho mita ya kawaida ya om haiwezi kukionyesha kwa uhakika, na ambacho bado kilitosha kuninyima taa barabarani na kuniuzia betri. Nilifundisha sheria ya Ohm kwa miaka thelathini, na sikumbuki siku ambayo niliiona ikifanya kazi waziwazi namna ile.

Sababu yake ni hii. Kwenye Land Rover hii, umeme unaotoka altaneta kwa waya wa kahawia hurudi kupitia ganda lake, vibano vyake, injini na chesisi. Waliofanya ovaholi walipaka rangi vibano vikiwa vimetenganishwa, kisha wakavifunga juu ya rangi, ikawa njia pekee ya umeme kurudi ni kupitia hesi za bolti, ambazo nazo zilianza kushika kutu. Regyuleta ya altaneta ya Lucas ya aina iliyomo kwenye gari langu, 16ACR, imo ndani ya altaneta na inapima volteji hapo hapo ilipo, kwa hiyo yenyewe iliona 14.3, ikaridhika kwamba kazi imekwisha, haikuwa na namna ya kujua kwamba betri inapata 12.9. Ndiyo maana altaneta ya mtumba iliyofungwa kwenye vibano vile vile isingeweza kuondoa tatizo hilo.

Lilibaki swali la betri kuisha usiku. Aliweka mita ya amp kati ya kichwa hasi cha betri na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa. Gari la zamani lisilo na saa wala kompyuta linapaswa kusoma sifuri, nalo lilisoma amp 0.4. Alichomoa fyuzi moja baada ya nyingine na namba haikubadilika. Alipochomoa plagi nyuma ya altaneta, ikaanguka hadi sifuri. Alieleza kwamba daiodi moja ndani ya ile altaneta ya mtumba ilikuwa inavuja, ikiruhusu umeme wa betri kurudi ndani ya altaneta na kupitia kwenye rota, sehemu yake inayozunguka, na sehemu yake ikipanda hadi kwenye taa ya dashibodi kwa kinyumenyume. Ule mmuliko niliouona gizani ulikuwa ndio huo. Nilipiga hesabu papo hapo: amp 0.4 kwa saa 60, kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni amp-saa 24, na kwa betri ya amp-saa 70 ambayo ilikuwa imejaa karibu nusu tu, hakuna kinachobaki cha kugeuza stata.

Aliniuliza kama altaneta yangu ya zamani ninayo. Nilimtuma kijana wa nyumbani akaileta kwenye boksi lake, na fundi akaifungua juu ya meza mbele yangu. Daiodi zote zilipitisha umeme upande mmoja tu, koili za rota zilikuwa nzima, pete za shaba zilihitaji kung'arishwa kwa msasa laini. Kasoro iliyokuwepo ni kwamba kaboni, zile zinazogusa pete na kupeleka umeme kwenye rota, zilikuwa zimelika hadi zikabaki fupi kama punje ya mahindi, na beringi ya nyuma ilikuwa na mlio. Kitu cha kiwandani, kilichokaa kwenye gari tangu sijaolewa, kiling'olewa na kubadilishwa na kibovu kuliko chenyewe bila mtu kugusa mita. Nakiri kwamba jambo hilo liliniuma.

Marekebisho yenyewe hayakuwa na makuu. Alikwangua rangi kwenye vibano na kwenye uso wa injini hadi chuma kikang'aa, akatumia wosha zenye meno, akapaka vaselini juu ya maungio ili unyevu wa ziwa usiingie, na akaongeza waya mmoja mnene kutoka ganda la altaneta moja kwa moja hadi kwenye bloku. Bolti ya ethi, yaani ya waya unaorudisha umeme kwenye betri, kwenye chesisi aliifungua na kuisafisha pia, akinionyesha unga mweupe pale ambapo bodi ya aluminiamu inakutana na chuma, ambao chumvi ya Uvinza bila shaka iliuchochea. Betri ilichajiwa polepole usiku kucha kwa amp 6.

Sasa niseme yale ambayo mteja anapaswa kujiandaa nayo. Kazi haikwenda haraka. Kaboni na beringi za altaneta hiyo hazikupatikana Kigoma, zikaagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na tulisubiri siku nne. Umeme ulikatika usiku wa kwanza wa kuchaji betri, na yeye hana jenereta, kwa hiyo ikaongezeka siku ya tano. Hatoi risiti isipokuwa ukimwomba, na hata hapo ni karatasi ya daftari, jambo ambalo litawapa shida wenye magari ya taasisi. Mvua ikinyesha, eneo lote chini ya mwembe linakuwa tope na hakuna mahali pa kujikinga zaidi ya kontena. Pia ana tabia ya kuacha simu yake ndani ya kontena akiwa kazini, hivyo usitegemee kumpata kwa kupiga, nenda mwenyewe, na uende asubuhi.

Gharama yote ilikuwa shilingi 95,000, ikiwemo nauli ya vipuri, na katika hizo alinitenganishia waziwazi kipi ni kifaa na kipi ni ufundi. Nilikuwa nimeshatumia zaidi ya mara tano ya kiasi hicho kwengineko. Aliponirudishia gari aliniwekea mita tena mkononi: 14.2 kwenye vichwa vya betri, 13.8 taa kubwa zikiwa zimewashwa, na kati ya ganda la altaneta na bloku, mahali palipokuwa na 0.9, sasa 0.03. Gari likizimwa, amp sifuri. Altaneta ya mtumba alinirudishia ikiwa na alama ya rangi nyekundu ili isije ikafungwa kwa mtu mwingine kwa bahati mbaya.

Alinisihi mambo mawili. Balbu ya taa nyekundu ya dashibodi, ambayo ni ya wati 2.2, nisiruhusu mtu aiondoe au aweke ya aina nyingine, kwa kuwa mkondo mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha altaneta kila gari linapowashwa, na balbu ikiungua altaneta inaweza kukaa bila kuchaji ingawa yenyewe ni nzima. Na gari likihitaji kuchomelewa chuma, nichomoe betri na plagi ya altaneta kwanza. Nimeyaandika yote mawili kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa dereva.

Ni wiki ya tisa sasa. Nimenunua mita yangu mwenyewe, na kila Jumamosi kabla ya kwenda Kalinzi ninaifungua boneti na kupima. Jumamosi iliyopita, baada ya gari kukaa siku sita bila kuguswa, betri ilisoma 12.6, na injini ikawaka nilipozungusha stata mara ya kwanza tu.